Chuma Kilichohamisha Mipaka

Desemba 1901, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, Florence Preston alipiga msumari wa mwisho wa reli iliyoanzia Mombasa. Mumewe, Ronald Preston, ndiye aliyeongoza vikosi vya kutandika reli, na mama huyu alifuatana naye kambi kwa kambi, nyikani na milimani, hadi maji yalipoonekana. Waingereza walipaita pale Port Florence. Sisi tunapajua kama Kisumu. Siku msumari ule ulipopigwa, Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda. Naivasha nayo ilikuwa Uganda. Nakuru, milima ya Mau, nchi ya Wanandi, nchi ya Wakipsigis, sehemu kubwa ya nchi ya Waluo na ya Waluhya, zote zilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda.

Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo ulikatwa kutoka Uganda ukaunganishwa na Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo mwaka 1920 ilipewa jina la Kenya. Hakuna mto uliohama wala kijiji kilichong'oka. Mtu aliyelala Mganda wa makaratasi aliamka akiwa chini ya serikali nyingine, na bila shaka wengi wao walichukua miaka kabla ya kulisikia jambo hilo. Sababu kubwa ilikuwa reli. Serikali ya London ilikuwa imetumia zaidi ya pauni milioni 5 kuijenga, na ilitaka njia nzima, kutoka bandarini hadi ziwani, iwe chini ya mtawala mmoja. Reli haikuweza kusogezwa, basi kilichosogezwa ni mpaka.

Naandika haya kwa sababu mazungumzo yetu ya mipaka huanzia mahali pasipo sahihi. Kaunti mbili zikigombana, kila upande huleta wazee wa koo na ramani ya mkoloni, na kila upande husema Mungu alituweka hapa. Ni haki yao kusema. Lakini katika nchi zilizopitiwa na reli ya zamani, ile ya upana wa meta moja, mipaka mingi ilifuata chuma, na chuma hicho bado kipo. Kimelala kwenye nyasi, kimebeba madaraja juu ya mabonde, kimechimbiwa kama vigingi kando ya njia. Ni kumbukumbu ambayo hatujaisoma, nayo inauzwa kwa kilo.

Kusoma kwenyewe si lugha ya mafumbo. Kipande cha reli kina kichwa ambacho gurudumu hukanyaga, kina kitako, na katikati kina ubavu. Kiwandani, chuma kilipopitishwa kwenye roli kikiwa bado chekundu, ubavu ule ulipigwa chapa ya herufi zilizoinuka: mara nyingi jina la kiwanda, mwaka, na uzito wa reli. Piga magoti, futa kutu kwa kiganja, utaona. Chini yake kuna mataruma, yaani mihimili ya kukingama inayobeba reli. Katika reli yetu mengi yalikuwa ya chuma, kwa sababu mchwa wa nyika hii hawasazi mti. Ndiyo maana hadi leo vijijini kando ya njia utakuta taruma la chuma limegeuzwa kizingiti cha nyumba, daraja la mtaro, mhimili wa lango la zizi. Watu wameishi na vitu hivi vizazi vitano.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye genge la njia, upande wa Voi. Kila genge lilikuwa na kipande chake cha maili kadhaa, na mwanzo na mwisho wa kipande ulijulikana kwa kigingi. Chini ya nyapara walikuwapo watu wa kulenga reli, kuingiza kokoto chini ya mataruma, kufyeka majani. Na kila alfajiri mtu mmoja alitangulia kwa miguu, nyundo begani na spana mkononi, akikagua kila bolti na kila kabari, akigonga palipolegea. Akifika kwenye kigingi cha mwisho anakutana na mwenzake wa genge la pili, wanapeana habari, kila mmoja anageuka. Babu hakutaja mahali kwa majina ya koo wala ya chifu. Alitaja kwa maili. Fulani ana shamba maili fulani, ng'ombe wa fulani waligongwa maili fulani. Mpaka kwake ulikuwa kitu kinachotembewa kila siku, na aliyeutembea aliujua kuliko aliyeuchora.

Turudi pwani, maana chuma kilianzia huko.

Kabla ya reli kubwa palikuwa na jaribio dogo. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile ya William Mackinnon, ilianza mwaka 1890 kutandika kijireli cha futi mbili kutoka Mombasa kwenda bara. Kilifika maili 7 tu, fedha zikakauka. Vyuma vile viling'olewa, na vingine vikatandikwa mitaani Mombasa kwa ajili ya matoroli, vigari vyenye viti na kijipaa cha kitambaa vilivyosukumwa na watu. Wakubwa waliketi, vijana wa mjini wakasukuma, kutoka Kilindini hadi Mji wa Kale. Picha za zamani za mji huo haziishi kuonyesha toroli. Ajabu yangu ni kwamba chuma kilichokusudiwa kufika Uganda kikaishia kumpeleka karani ofisini.

Reli yenyewe ilianza kutandikwa mwaka 1896, chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse. Kazi ya kwanza ngumu ilikuwa kutoka kisiwani. Pale Makupa lilijengwa daraja la muda la mbao, kisha la chuma, nalo likaitwa Salisbury kwa jina la waziri mkuu wa Uingereza. Ukishavuka hapo ulikuwa bado katika ardhi ya Sultani wa Zanzibar. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalimwachia Sultani ukanda wa maili 10 kutoka baharini, na mwaka 1895 Waingereza waliukodi ukanda huo kwa malipo ya kila mwaka. Kwa hiyo reli iliyojengwa kwa fedha za Uingereza ilianza safari yake chini ya bendera nyekundu, ikapanda Mazeras, ikaingia ardhi yenye hukumu nyingine, na mwisho ikaingia Uganda. Njia moja, tawala tatu. Uganda iliondolewa kwenye hesabu mwaka 1902. Ukanda wa Sultani ulisubiri hadi Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walipokubaliana kwamba utakuwa sehemu ya Kenya.

Kupita Mazeras na Mariakani ndipo nyika ya Taru inapoanza, na hapo ndipo nataka kukaa kidogo.

Mackinnon Road ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Jina ni la barabara ya mikokoteni ambayo kampuni ya Mackinnon iliianzisha kuelekea bara kabla ya reli. Kabla ya hapo hapakuwa na mji. Palikuwa na Waduruma waliofika na mifugo mvua zikinyesha, palikuwa na Wataita upande wa vilima, palikuwa na Wakamba waliopita na pembe na misafara yao, palikuwa na Wawata, wawindaji wa tembo ambao ramani huwasahau daima. Maji yalikuwa machache, na mahali penye maji machache watu hawachori mstari, wanakubaliana zamu. Reli ikaja ikaweka stesheni. Stesheni ikaleta tangi la maji, tangi likaleta nyumba za wafanyakazi, nyumba zikaleta duka. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Waingereza wakajenga hapo bohari kubwa la jeshi, kisha wakaliacha, na miaka ya 1950 wakafunga humo watu waliotuhumiwa kuwa Mau Mau. Yote hayo kwa sababu treni ilikuwa ikisimama hapo.

Na hapo hapo kando ya reli kuna kaburi la Seyyid Baghali Shah, ambaye watu humwita Pir Padree. Alikuwa miongoni mwa watu wa Bara Hindi waliofanya kazi ya reli. Yasimuliwa kwamba wenzake walipobeba makarai ya kokoto na udongo vichwani, karai lake lilielea juu ya kichwa bila kumgusa. Msikiti umejengwa pale, na wasafiri wa kila dini hupunguza mwendo, husimama, huswali, hutoa sadaka, hunywa chai, kisha huendelea. Madereva wa malori wasio Waislamu hutia sarafu wakiomba salama ya njia. Nimekuwa nikisimama pale tangu utotoni na sijaona mtu akiulizwa anatoka kaunti gani.

Lakini kaunti zinaulizana. Kwale na Taita Taveta zimevutana kwa miaka mingi juu ya Mackinnon Road. Na kwenda mbele zaidi, Taita Taveta na Makueni zinavutana juu ya Mtito Andei. Angalia orodha hiyo: miji yote miwili ilizaliwa na stesheni. Kinachogombaniwa ni maduka, hoteli, ushuru wa malori na viwanja, vitu vilivyoota kuzunguka kituo cha treni katika ardhi ambayo zamani hakuna aliyekuwa na haja ya kuikata vipande. Tume ya mipaka ya majimbo ya mwaka 1962 ilikusanya maoni ya makabila kabla ya uhuru, wilaya zikafuata, na katiba ya 2010 ikazigeuza wilaya kuwa kaunti 47. Kila hatua ilichukua mistari ya hatua iliyotangulia. Pale ambapo mstari wa mwanzo ulikuwa wa reli, kosa lake limerithiwa na wote.

Mfano ulio wazi kuliko wote uko hapo hapo jirani. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948 ilikuwa kubwa mno kwa usimamizi mmoja, ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Kilichozitenganisha ni reli na barabara inayokwenda sambamba nayo. Tembo hawakushauriwa. Reli mpya ilipojengwa, vivuko vya wanyama viliwekwa chini ya tuta lake ili kuwarudishia njia zao.

Simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa daraja la reli mwaka 1898 sitawagusa. Wameandikwa kupita kiasi, na kila mara wanapoandikwa, watu waliojenga daraja lenyewe wanafifia. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi ya reli hii, na karibu 2,500 walikufa. Wengi kwa magonjwa, si kwa simba. Kama 6,700 hivi walibaki wakawa wananchi wa nchi hizi. Waafrika waliofyeka, waliobeba maji, waliokufa katika njaa ya mwaka 1898 na 1899 kando ya kambi, hesabu yao haikuandikwa hivyo.

Machakos napita haraka, ingawa ni habari ya kusikitisha kwa Wakamba wengi. Ulikuwa ndio mji wa serikali bara, reli ikaupita kando. Mei 1899 vyuma vilifika kwenye tambarare ya kinamasi maili kama 327 kutoka Mombasa, makao ya reli yakawekwa pale, na serikali ikafuata. Nairobi iligawanywa na wahandisi kabla ya kuwa na meya: wakubwa wa reli juu kilimani, palipo na hewa, mahali ambapo hadi leo ni Upper Hill, wafanyakazi bondeni kando ya njia, kwenye landi (nyumba za wafanyakazi wa reli) za Muthurwa, maduka ya Wahindi kati. Ukiishi Nairobi, tembea kutoka Muthurwa hadi Upper Hill kwa miguu. Utauvuka mpaka wa mwaka 1899 bila kuonyeshwa kibao.

Baada ya Nairobi kuna Bonde la Ufa, na pale wahandisi walikwama. Ukuta wa bonde ulikuwa mkali, na njia ya kudumu ingechukua muda mrefu. Wakaweka njia ya muda ya kamba. Mabehewa yalipakiwa juu ya majukwaa yenye magurudumu, yakafungwa kamba za waya, yakateremshwa mlimani. Lililokuwa likishuka na mzigo lilivuta lililo tupu kupanda. Kwa njia hiyo reli, mataruma, unga na watu viliteremka hadi chini, na utandikaji ukaendelea bondeni huku njia halisi ikichongwa polepole ubavuni mwa mlima. Kazi ya akili sana, na inastahili kukumbukwa kwa heshima hata na sisi ambao babu zetu walilipa gharama yake.

Maana gharama ilikuwa ardhi. Agosti 1904 viongozi wa Wamaasai waliweka alama za vidole kwenye mkataba wa kuondoka Naivasha na maeneo ya jirani na kuhamia hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Mkataba wenyewe unataja waziwazi kwamba watu na mifugo wanaondoka mbali na njia ya reli na mbali na ardhi itakayofunguliwa kwa walowezi. Waliahidiwa kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Mwaka 1911 wa Laikipia walitia saini mkataba mwingine wakaondolewa tena. Ukitafuta sababu ya mpaka wa Narok na Kajiado kuwa hapo ulipo, usianze na tabia za wafugaji. Anza na ratiba ya treni.

Kutoka Nakuru njia ya zamani inapanda Mau, inapita kilele chenye zaidi ya meta 2,500, kisha inateremka kwa Londiani, Kipkelion, Fort Ternan na Muhoroni. Hapa ndipo, kwa macho yangu, kazi nzuri kuliko zote za chuma Afrika Mashariki ilipo, na watu wachache wanaijua. Mabonde ya Mau ni membamba na yamekatana, mito inashuka kwa kasi, na njia haikuweza kuzunguka kila moja. Yakajengwa madaraja 27 yaliyosimama juu ya miguu mirefu ya chuma iliyofumwa kwa nguzo na mikanda. Ukisimama chini ya mojawapo, miguu hiyo inapanda ikipungua upana hadi juu kabisa, na reli inaonekana nyembamba kama uzi wa mshonaji.

Madaraja hayo hayakutoka Uingereza. Mwaka 1897 hadi mwanzo wa 1898 viwanda vya mashine vya Uingereza vilifungwa na mgogoro mkubwa kati ya mafundi waliodai siku ya kazi ya saa nane na wenye viwanda. Maagizo yakarundikana. Reli ya Uganda haikuweza kungoja. Injini 36 ziliagizwa kutoka kiwanda cha Baldwin, Philadelphia, na madaraja ya Mau yakapewa American Bridge Company. Vipande vilikatwa na kutobolewa Marekani, vikapigwa namba, vikapakiwa melini, vikashushwa Kilindini, vikapandishwa kwa reli ile ile hadi mlimani, na mafundi wakaviunganisha kufuata namba, wakipiga ribiti moja baada ya nyingine. Bungeni London watu walilalamika kwamba fedha za Uingereza zinanunua chuma cha kigeni. Mimi ninachokiona ni kwamba madai ya mafundi wa London ya saa nane yameacha alama yake Kipkelion, na mtu anayepitisha ng'ombe chini ya daraja lile ana haki ya kujua hivyo. Na madaraja bado yanafanya kazi. Njia ya Nakuru hadi Kisumu iliachwa ikafunikwa na vichaka, ikakarabatiwa, na mwishoni mwa 2021 treni ya abiria ikarudi Kisumu kwa njia hiyo hiyo.

Nchi iliyo kaskazini ya njia hiyo ni ya Wanandi. Huko yasimuliwa kwamba Kimnyole, orkoiyot (kiongozi wa kiroho wa Wanandi) aliyeuawa mwaka 1890, alitabiri nyoka atakayetoka upande wa bahari akipumua moshi. Na Wakikuyu nao wana Mugo wa Kibiru na nyoka wake wa chuma. Sina haja ya kuupima unabii. Ninaloona ni kwamba watu hawa walizungumza juu ya chuma na nchi kwa pumzi moja kabla mhandisi yeyote hajafika. Nyoka alipofika, Wanandi walimchuna. Waya za simu zilikatwa zikawa bangili na mapambo ya shingo, bolti za reli zikafuliwa zikawa silaha. Serikali iliandika wizi. Lakini mwenye nchi aliyepitishiwa kitu bila kuombwa ruhusa, akakiondoa, jina la wizi halimtoshi. Vita vilidumu miaka kumi. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, mwana wa Kimnyole, alipigwa risasi na afisa wa jeshi la Waingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani. Baada ya hapo koo zilizoishi jirani na njia zilisukumwa kaskazini, zikatiwa ndani ya hifadhi. Mpaka mwingine, sababu ile ile.

Upande wa Busia ndiko habari hii inaponiuma zaidi. Milima ya Samia ilikuwa nchi ya wahunzi. Walichimba mawe ya chuma, wakayayeyusha katika tanuri za udongo huku vijana wakivukuta, wakafua majembe yaliyosafiri mbali hadi nchi ya Waluo na kutumika hata kama mahari. Jembe la Samia lilikuwa mali. Mtu aliweza kuoa kwalo. Mstari wa mwaka 1902 ulipita katikati yao, na hadi leo Wasamia wako nusu Kenya na nusu Uganda. Wakati huo huo treni iliyosababisha mstari ilileta majembe ya viwanda vya Ulaya, mepesi na ya bei ndogo, na tanuri zikazimika. Reli moja iliwachukulia ufundi na kuwagawa. Mabaki ya kazi yao bado hupatikana mashambani, mavi ya chuma, mazito na meusi, na mkulima akigonga jembe juu yake hulitupa kando ya shamba. Katika vitabu vya shule niliyosoma, somo la viwanda lilianza na reli. Lingeanza na Samia.

Sasa ukitaka kuona chuma kilichotunzwa, nenda kwenye jumba la makumbusho la reli Nairobi, lililofunguliwa 1971. Yapo magarimoshi ya shirika la Afrika Mashariki, lile lililounganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1948 na kuvunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Mawili makubwa kuliko yote ni ya aina namba 59. Yalijengwa 34 huko Manchester na kiwanda cha Beyer, Peacock kati ya 1955 na 1956, kila moja na uzito wa tani zaidi ya 250, yakavuta mizigo ya Mombasa hadi Nairobi, na yote yalibeba majina ya milima. Yamebaki mawili: Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai uko kando ya Ziwa Natron. Shengena uko Upare. Milima ya Tanzania, chuma cha Manchester, uwanja wa Nairobi. Karibu nayo liko moja linaloitwa Nyaturu, watu wa Singida, kwa sababu magarimoshi mengine yalipewa majina ya makabila. Mnyaturu akifika Nairobi na kukuta jina la kwao limesubiwa kwa herufi ubavuni mwa garimoshi, ana neno la kusema juu ya urithi huu sawa na mimi niliyezaliwa Voi. Jumuiya ilipogawana mali, vitu hivi vilibaki vilipokuwa vimesimama siku hiyo. Napenda vibaki hapo, lakini maandishi yaliyo mbele yake yawataje wenye milima na wenye majina.

Jumba moja halitoshi, hata hivyo. Treni mpya ya njia pana ilianza Mombasa hadi Nairobi tarehe 31 Mei 2017, na treni ya abiria ya njia ya zamani kati ya miji hiyo ikasimama. Tangu hapo stesheni nyingi ndogo zimekuwa mahame. Vibao vilivyoandikwa umbali na mwinuko vimetoweka, nguzo za ishara zimekatwa kwa msumeno, mataruma yamepakiwa usiku. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na miundombinu. Wanunuzi walirudi. Sina hasira na kijana anayebeba bolti gunia moja apate unga. Hasira yangu iko kwa mfumo unaopima chuma hicho kwa mizani peke yake, na kwa sisi tunaojiita wapenzi wa historia tukasubiri bango la serikali.

Ninaloomba si gumu. Kila stesheni ya zamani iwe na orodha: chapa zilizo ubavuni mwa reli, namba zilizo kwenye miguu ya madaraja, vigingi vya maili na mahali vilipo hasa. Simu yenye kamera inatosha, na shule ya sekondari iliyo jirani inaweza kuifanya katika muhula mmoja. Madaraja 27 ya Mau yatangazwe kuwa mnara wa taifa yakiwa bado yanapitisha treni. Samia iwe na nyumba yake ya chuma, Kenya au Uganda, au pande zote mbili. Na kwa Mackinnon Road na Mtito Andei naongeza moja: kabla ya kamati yoyote ya mpaka kuketi tena, waitwe wazee waliofanya kazi kwenye magenge ya njia, watembee na wajumbe kutoka kigingi hadi kigingi, na maneno yao yaandikwe kando ya yale ya wazee wa koo.